Kitabu Kina Mwenyewe: Mafunzo Niliyopata Laare

Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili karibu na Laare, Igembe Kaskazini, na vitabu vya idara viko mikononi mwangu. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu hakimiliki, jambo ambalo shule nyingi hulikumbuka zikisikia kuna msako.

1. Nakala ghushi humpunja mwanafunzi kwanza

Nakala ya magendo ya riwaya ya Nguu za Jadi utaitambua kabla hujaifungua. Jalada limepauka, gundi ya mgongoni inabanduka ukikipinda kitabu mara mbili tatu, na karatasi ni nyepesi hadi maandishi ya upande wa pili yanapenya. Ndani ndiko kwenye balaa: mistari ya pembeni imekatwa, kurasa zimerukwa, nyingine zimerudiwa. Nikisema, "Tufungue ukurasa wa sitini," kuna msichana anayepekua huku na huko kwa sababu wake haupo. Dondoo la mtihani wa KCSE likitoka hapo, atajibu nini? Mwandishi, Clara Momanyi, amekosa mrabaha wake, na msichana huyu amekosa kipande cha riwaya alichotakiwa kukisoma. Nikiwaeleza wazazi upande huo, hawaendi tena kununua vitabu vya kutandazwa chini stejini.

2. Laare inaelewa hakimiliki vizuri

Mzazi mmoja, mkulima, aliniuliza: "Mwalimu, kitabu nimekinunua kwa pesa zangu. Nikikitoa kopi kuna ubaya gani?" Nikamjibu, "Mzee, mtu akinunua bunda la miraa yako sokoni, ana ruhusa ya kurudi usiku akachume mti mzima?" Akasema huyo wangemshika. Hapo hatukuhitaji wakili. Kitabu ulichonunua ni chako, unaweza kukiazima au hata kukiuza. Haki ya kukizalisha upya imebaki kwa mwandishi na mchapishaji. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi tangu inapoandikwa, hata kama haijasajiliwa katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).

3. Ulinzi uanzie kwenye riso

Tunapenda kuwalaumu wenye saiba, ilhali PDF ya kitabu kizima mara nyingi huzunguka kwanza katika kundi la WhatsApp la walimu. Mwongozo mmoja hununuliwa, unapitishwa kwenye mashine ya riso ya shule, na kila mwanafunzi anatozwa pesa ya karatasi. Huo ni uchapishaji haramu unaofanywa chini ya paa la shule, na naona unatuvunjia heshima kuliko mchuuzi yeyote. Kwetu sasa anayepeleka kazi kwenye riso huandika daftarini: imeandikwa na nani, ni kurasa ngapi, ruhusa imetoka wapi. Karatasi za Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) zina mwenyewe pia, na ameandikwa papo hapo kwenye karatasi. Hata mtihani ninaoutunga kazini, kwa kawaida sheria humpa mwajiri haki yake, isipokuwa tumekubaliana vingine.

4. Sheria ina milango, tuitumie

Mkusanyiko wa mafunzo ya shule unaweza kuchukua vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, mradi utaje kitabu na mwandishi. Kwa somo la ufahamu, hiyo inatosha kabisa. Haki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Shaaban Robert alifariki 1962, hivyo kwa hesabu ya sheria yetu maandishi yake yamekuwa huru tangu 2013. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh 2017, unaoruhusu taasisi zilizoidhinishwa kugeuza vitabu kuwa breli bila kumwomba mwenye haki. Kwa kaunti yetu, yenye shule ya wasioona ya St Lucy's kule Igoji, hilo si jambo dogo.

5. Msako bila vitabu ni kazi bure

Mwaka 2013 vitabu vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku miraa, zao letu, na nyumba nyingi za Igembe zikaikosa pesa ya karo, seuze ya kitabu. Ukimnyang'anya mtoto nakala ghushi umwache mikono mitupu, umemwadhibu kwa umaskini. Sisi tunawaomba wanaomaliza Kidato cha Nne watuachie vitabu teule vyao, tunavipiga muhuri na kuviazima kwa daftari. Vikipungua, wawili wanasoma kimoja wakati wa prepu. Tunapoiomba bodi fedha, vitabu huja kabla ya rangi ya geti.

6. Mwanafunzi naye ni mwandishi

Insha ya mwanafunzi inalindwa na sheria ile ile. Tukitaka kuitumia kama mfano darasani au katika jarida la shule, tunamwomba ruhusa na kuweka jina lake. Mmoja alikataa, kwa kuwa aliandika mambo ya nyumbani kwao. Tulimrudishia karatasi yake, tukachagua insha nyingine.