Sakafu ya Zege Uani

SOMO LA 12



Pito iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, karibu na mji wa Sumbawanga. Mji huo uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipo juu hivyo pana baridi. Mwezi wa Juni na Julai upepo huvuma, na usiku joto huweza kushuka mpaka nyuzi 10 au chini yake. Mvua huanza kama mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Kisha huja kiangazi kirefu, na ndicho kipindi cha kuanika mazao.

Wengi wetu huanika chini, juu ya udongo. Mchanga huingia katika ulezi. Mahindi hunyonya unyevu wa ardhi. Kuku na mbuzi hupita juu yake. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu waliugua, na wengine walikufa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu.

Ndiyo maana watu wengi wanataka sakafu ya zege uani. Juu yake wataanika na kupepeta, na jioni watakaa kuzungumza. Lakini saruji ni ghali. Sakafu ikipasuka, fedha ya maharage ya mwaka mzima imepotea. Somo hili linaeleza jinsi ya kujenga sakafu inayodumu mahali penye baridi na upepo.

MAJIRANI WAWILI

Tuchukue mfano. Majirani wawili walijenga sakafu katika mwaka mmoja.

Wa kwanza alikuwa baba mwenye haraka. Aliuza maharage mwezi wa Julai, akanunua saruji, akamwaga sakafu yote kwa siku moja kama kipande kimoja. Alianza mchana, akamaliza magharibi. Zege lake lilikuwa jepesi kama uji, kwa sababu zege jepesi halichoshi mikono. Juu yake akapaka niru ili sakafu ing'ae. Kesho yake upepo ulivuma kutwa. Hakumwagilia maji. "Iacheni ikauke," aliwaambia watoto.

Baada ya wiki moja aliona nyufa nyembamba kama nywele. Mvua za Januari zilipopita, niru ilibanduka kama magamba. Ufa mmoja ukawa mpana, hata punje za mahindi zikaingia ndani yake.

Jirani wa pili alikuwa mama mtu mzima. Sakafu yake haikupasuka. Yule baba akaenda kumwuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, saruji yako na yangu tulinunua duka moja. Mbona yako ni nzima?"

"Saruji ni ile ile, mwanangu. Lakini mimi yangu niliinywesha maji siku kumi na nne. Wewe yako uliinyima."

ZEGE HUKOMAA KWA MAJI

Mama yule alisema kweli. Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka kama tofali la udongo. Sivyo. Tofali bichi hukauka kwa jua na upepo, kisha hukomaa kwa moto wa tanuru. Zege hukomaa kwa maji. Saruji na maji hushikana polepole, siku baada ya siku. Mshikano huo ndio ugumu wa zege. Maji yakiondoka mapema, kazi hiyo husimama. Zege hubaki dhaifu, husinyaa na kupasuka.

Katika uwanda wetu zege lina maadui watatu.

Adui wa kwanza ni upepo mkavu. Upepo hunyonya maji ya zege hata siku isiyo na jua kali.

Adui wa pili ni baridi. Baridi huchelewesha ugumu. Zege la mwezi wa Julai huhitaji siku nyingi zaidi kuliko zege la mwezi wa Oktoba.

Adui wa tatu ni mvua. Maji yakikosa njia, hupita chini ya sakafu na kuchimba udongo. Sakafu hubaki imening'inia, kisha huvunjika.

Katika nchi zenye baridi kali kama Kanada, kuna adui mwingine. Huko maji huganda kuwa barafu. Maji yakiganda hupanuka kiasi cha sehemu 9 katika kila 100. Maji yaliyomo katika vitundu vya zege yakiganda, hulibomoa kidogo kidogo. Mafundi wa huko hutia katika zege dawa inayotengeneza vipovu vidogo vya hewa, ili barafu ipate nafasi. Huku kwetu baridi si ya namna hiyo, nasi hatuhitaji dawa hiyo. Lakini mambo mengine wanayofanya yanatufaa: kujenga juu ya msingi mgumu, kutumia maji kidogo katika mchanganyiko, kuweka mteremko, na kufunika zege changa.

CHAGUA WAKATI

Wakati mzuri ni Septemba na Oktoba. Baridi imepungua, na mvua haijaanza. Sakafu itakuwa imekomaa kabla ya mavuno yanayofuata.

Ukiuza mazao Julai, weka fedha. Usinunue saruji mapema ukaiweka miezi mitatu. Saruji hunyonya unyevu na kuharibika. Ukishainunua, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usitumie saruji hiyo.

Ikiwa ni lazima ujenge Juni au Julai, unaweza. Lakini ongeza siku za kulilinda zege.

TUANZE KAZI

1. Tayarisha mahali. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani, kina cha sentimeta 15 hadi 20. Shindilia chini kwa gogo zito. Mwaga changarawe au mawe yaliyovunjwa, unene wa sentimeta 10. Nyunyiza maji, shindilia tena. Ukikanyaga kwa kisigino na kisigino kikazama, bado.

2. Weka mteremko. Sakafu ishuke kutoka nyumbani kwenda nje, sentimeta 2 kwa kila meta 1. Sakafu yenye upana wa meta 4 ishuke sentimeta 8. Pima kwa pima maji na kamba. Chimba mfereji mdogo upande wa chini.

3. Gawa sakafu. Usimwage sakafu kubwa kama kipande kimoja. Zege hupenda kusinyaa. Ukilinyima mahali pa kuachana, litachagua lenyewe, na hapo ndipo utakapoona ufa. Vipande visizidi meta 2 na nusu kila upande. Weka mbao pembeni mwa kila kipande. Kati ya sakafu na ukuta wa nyumba weka nailoni, ili visishikane.

4. Chunguza mchanga. Tia mchanga katika chupa mpaka nusu. Jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Mchanga utakaa chini, na tope litakaa juu yake. Tope likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, osha mchanga huo au tafuta mwingine.

5. Changanya. Kwa kila mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 tumia:

mchanga madebe 3 na nusu;
kokoto madebe 7;
maji debe 1 na robo.

Debe hapa ni la lita 20. Changanya kwanza saruji na mchanga vikiwa vikavu, mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto. Kisha tia maji kidogo kidogo. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza maji. Chukua zege mkononi, ulifinye. Likishikamana bila kuchuruzika, ni zuri. Likichuruzika, maji yamezidi. Kila maji yanayozidi huacha vitundu yakiondoka, na vitundu ndivyo udhaifu.

6. Mwaga. Anza saa 3 asubuhi, jua likiwa limepanda. Jitahidi kumaliza kufikia saa 8 mchana, ili zege lipate joto kabla ya usiku. Lowesha msingi kwanza, lakini pasiwe na madimbwi. Tumia zege lote katika muda wa saa moja baada ya kutia maji. Mafundi husema, "Zege halilali." Maana yake, zege lililochanganywa haliwekwi mpaka kesho. Likianza kushika, usilirudishie maji.

Mwaga vipande kwa kuruka kimoja, kama miraba ya drafti. Acha siku tatu, kisha mwaga vile vilivyobaki.

7. Sawazisha. Vuta ubao mrefu ulionyooka juu ya mbao za pembeni. Gonga gonga zege ili hewa itoke. Ngoja maji yaliyopanda juu yapotee. Ndipo usugue kwa ubao mdogo. Usinyunyize saruji kavu ili kunyonya maji hayo. Usipake niru. Nje ya nyumba niru hubanduka, na wakati wa mvua huteleza.

8. Linda zege changa. Hii ndiyo hatua iliyomshinda yule baba. Zege likishika kiasi kwamba kidole hakiachi alama, lifunike kwa nailoni, au kwa magunia yaliyoloweshwa. Wakati wa baridi ongeza nyasi juu yake usiku, kama blanketi. Weka mawe pembeni ili upepo usifunue. Mwagilia maji asubuhi na alasiri, lisikauke hata mara moja. Fanya hivyo siku 7 wakati wa joto, na siku 14 wakati wa baridi.

Mtu asikanyage kwa siku 3. Mkokoteni wa ng'ombe usipite kabla ya siku 28.

HESABU

Mama yule alijenga sakafu yenye urefu wa meta 5 na upana wa meta 4. Eneo lake ni 5 × 4 = meta 20 za mraba. Aliigawa katika vipande 4. Unene ulikuwa sentimeta 10, kwa sababu mkokoteni hupita juu yake. Zege lote lilikuwa meta 2 za ujazo. Alihitaji:

saruji mifuko 13;
mchanga madebe 46;
kokoto madebe 91;
maji ya kuchanganyia madebe 17.

Sakafu ya watu na mazao tu, isiyopitiwa na mkokoteni, yaweza kuwa na unene wa sentimeta 7 na nusu. Hapo mifuko 10 inatosha.

Maji ya kumwagilia hayamo katika hesabu hii. Kama kisima kiko mbali, panga mapema nani atachota, na siku gani. Mzigo huo usimwangukie mama peke yake. Asiye na maji ya wiki mbili asianze kumwaga zege.

BAADA YA KUMALIZA

Fagia sakafu kabla ya kuanika. Tandaza mahindi kwa unene mdogo, yageuze mara kwa mara. Jioni yakusanye na kuyafunika, maana umande wa Ufipa ni mwingi. Usianike juu ya zege lenye maji. Sakafu nzuri husaidia, lakini haikaushi mahindi yaliyoachwa kwenye mvua.

Kila mwaka kabla ya Novemba safisha mfereji. Ukiona ufa mdogo, uzibe mapema kwa saruji na mchanga.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Zege hukomaa kwa maji.
Msingi mgumu, mteremko, na vipande vidogo huzuia nyufa.
Maji mengi katika mchanganyiko ni udhaifu. Maji mengi baada ya zege kushika ni nguvu.
Wakati wa baridi, siku 14.

MANENO YA SOMO

zege: mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji
niru: saruji na maji yanayopakwa juu ya sakafu ili ing'ae
sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu katika nafaka na karanga

MASWALI

1. Kwa nini sakafu ya yule baba ilipasuka? Taja makosa manne.
2. Tofali la udongo hukomaa kwa nini? Zege je?
3. Maadui watatu wa zege katika uwanda wetu ni nini?
4. Sakafu ina upana wa meta 3. Upande wa chini ushuke sentimeta ngapi?
5. Una mifuko 4 ya saruji. Utahitaji madebe mangapi ya kokoto?

KAZI YA KIKUNDI

Nendeni pamoja mkaangalie sakafu moja iliyopasuka kijijini. Ombeni kwanza ruhusa ya mwenyewe. Tazameni msingi, mteremko na ukubwa wa vipande. Mwulizeni alimwagilia siku ngapi. Kisha rudini darasani, mwandike pamoja sentensi tano: sakafu hii ilipasuka kwa nini, na ya kwetu tutaijengaje?