Chai ya kijani na kitambi

Akina dada wengi, na waume zao pia, huniuliza juu ya majani ya chai ya kijani yanayonadiwa kuwa yanayeyusha mafuta mwilini. Mimi ni mwalimu wa dini, si daktari, lakini jambo hili limeshachunguzwa. Ni kweli kafeini huchochea kidogo mwili kuunguza mafuta, na katekini za chai hiyo husaidia. Lakini mapitio ya tafiti ya Cochrane, mwaka 2012, yalikuta uzito unaopungua ni mdogo, usio na maana kiafya. Tena vidonge vyake ndivyo vya kuogopwa: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha kuwa miligramu 800 za katekini iitwayo EGCG kwa siku zaweza kudhuru ini.

Ama nguvu, kafeini haiongezi hata chembe. Huizuia tu adenosini, kemikali inayoujulisha ubongo kuwa mtu amechoka. Masufi wa Yemen walinufaika nayo tangu karne ya 15, wakinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Wao walikusudia kukesha! Wewe unayekunywa baada ya Isha, ujue nusu ya kafeini ile hubaki mwilini takriban saa tano, na Alfajiri inakusubiri.