Mlinzi na mnasihi wa shule: Nani alipie?

Wanachuoni wa usuli wametaja mambo matano ambayo Sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Imam Al-Ghazali ameyaeleza katika Al-Mustasfa. Nikiwafundisha vijana wa sekondari somo hili, wao kwenye akili huishia kwenye pombe: ulevi umeharamishwa, basi. Je, mtoto aliyefiwa na mama yake, halali usiku na hana wa kumweleza, akili yake inalindwa na nani?

Tuzitazame shule za serikali. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi. Zilizokusudiwa kufika shuleni ni 6,000, zilizobaki ni za vitabu. Kwa shule ya watoto 1,000 (na hapa Dar es Salaam hiyo si shule kubwa) hizo ni milioni 6, sawa na laki 5 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani na ukarabati. Mlinzi alipwe na nini? Zamani wazazi walichanga, lakini mchango ukaacha kuwa wa lazima.

Hata hivyo usalama tunauelewa. Wasichana 12 walipoteketea bwenini Idodi, Iringa, mwaka 2009, nchi nzima ilishituka. Maradhi ya nafsi hayatoi moshi. Mnasihi wa shule mara nyingi ni mwalimu wa Hisabati aliyeongezewa jukumu, ana vipindi vyake na hana hata chumba cha kuzungumza na mtoto faragha.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, mtoto asomewe ruqya yatosha. Kisomo hakuna anayekipinga. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza hofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, ya mwaka 1284, iliwatibu wagonjwa wa akili pia, kwa fedha za wakfu.

Serikali ndiyo yenye dhamana ya kwanza, na wabunge wetu waulize fungu la mlinzi na la mnasihi liko wapi. Lakini nasi watu wa mijini tunazo fremu za maduka zilizo wakfu wa misikiti. Mwenye kutaka kuweka wakfu mpya anaweza kuutaja kwa ajili ya mnasihi wa shule ya mtaani kwake, awasikilize watoto wote, wa Kiislamu na wasio Waislamu. Kamati ya msikiti ikikutana, ajenda hiyo itangulie ile ya zulia jipya.