Asmini: Maua ya Saa Chache

Ndugu zetu wa vikundi, hasa ninyi mlio Pwani, leo tuangalie mmea ambao wengi mnao tayari karibu na dirisha: mwasmini. Matumba yake hukaa yamefumba mchana kutwa, giza likiingia yanafunguka na harufu inajaa uani. Kesho yake ua limeshachoka. Kwa hiyo anayeuza asmini anauza saa chache tu. Akichelewa, hana kitu.

Kupanda si kazi. Kata tawi lisilo changa sana wala kuukuu, urefu wa shubiri moja, lenye vifundo vitatu au vinne. Toa majani ya chini, lichomeke katika kopo lililotobolewa chini, lenye udongo na mchanga, uweke kivulini. Maji kidogo kidogo. Baada ya mwezi mmoja au miwili likiwa na mizizi, hamishia penye jua la kutosha na samadi iliyooza. Chini ya mwembe mtapata majani mazuri sana, lakini maua machache. Maji yakisimama, mizizi huoza.

Jambo ambalo watu huogopa ni kupogoa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi msimu ukipungua punguzeni matawi, msiuhurumie mti.

Sasa kuchuma. Matumba ya leo mtayajua: yamejaa, meupe pe, bado yamefumba. Yenye ukijani ni ya siku nyingine. Chumeni alasiri jua likipoa, mfunge katika jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu. Yatafunguka usiku huo yakiwa tayari kwenye kikuba, pamoja na rehani, au kwenye nywele za mnunuzi.

Hapa ndipo kikundi humshinda mtu mmoja. Miti michache ya kila nyumba ikichumwa pamoja inatosha kutunga, na mmoja tu ndiye anapeleka mjini.

Nanyi wa bara, tahadhari. Lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta nalo hunukia jioni, na wengine wamelifanya uzio wa boma. Ni sumu, majani, maua na mbegu. Lisiwe mahali watoto wanapochezea.

Ya kujadiliana:
Nani kati yetu ana mwasmini wa kukatia vipande?
Siku maua yasiponunuliwa, nauli ya matatu italipwa na nani?