Somo la Wapishi: Samaki wa Baharini na Majira Yao

Ndugu zetu wa jikoni,

Mwenzetu mmoja, mpishi katika hoteli hapa Kampala, alikatwa mshahara kwa sababu wageni watatu walikula jodari wakaumwa. Meneja alisema mpishi hakumwivisha. Sisi tunaamini kosa lilifanyika kabla samaki hajafika jikoni, na tunaeleza sababu ili siku nyingine mtu wetu awe na la kujibu.

Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, vijidudu hutengeneza ndani ya mnofu sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha, na samaki mwenyewe aweza kuonekana mzuri, asinuke. Mlaji hugeuka mwekundu usoni, huwashwa, moyo humwenda mbio, pengine hata kabla hajaondoka mezani. Kinga ni barafu tangu chomboni. Kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilometa 1,000. Barafu ikiyeyuka njiani, ufundi wa mpishi hausaidii kitu.

Sasa majira. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia, mashua huenda mbali, na nguru, jodari na sulisuli hufika sokoni kwa wingi. Kusi ikivuma, tangu Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wadogo hubaki ndani ya miamba wakivua tafi na changu. (Tafi wa kuchoma ni mtamu kuliko wengi wanaosifiwa na wageni.) Pweza hufuata mwezi: hupatikana zaidi siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa sana na akina mama wakatembea mwambani. Siku za maji mafu ni haba, kwa hiyo ulizeni huyo aliyeletwa amelala wapi. Meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Ungwana, Kenya, hufungiwa tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi.

Basi menyu iliyopigwa chapa kwa mwaka mzima, yenye jodari mbichi kila siku, humsukuma mnunuzi kupokea chochote kinacholetwa. Menyu hiyo mpishi hakuiandika.

Sanduku likifika, lifungueni mbele ya dereva. Barafu iwepo juu na chini, mashavu yawe mekundu, si kahawia. Chomeni kipimajoto katikati ya mnofu: kisizidi nyuzi 4. Andikeni daftarini siku, saa, kipimo na jina la aliyeleta, naye atie sahihi. Meneja akiamuru samaki mliyemkataa apikwe, aandike amri hiyo kwa mkono wake.

Mwenzetu hakuwa na daftari, na shauri lake bado liko kwa mwajiri. Mfano wa ukurasa wa daftari hilo upo kwa katibu wa kila tawi. Uchukueni kabla kusi haijaanza.