Ziwa Nzilo waachie wavuvi

*Ninafunga ndoa mwezi wa Agosti. Mchumba wangu anafanya zamu mgodini na likizo aliyopewa ni ya wiki moja tu, basi familia zimeamua kila kitu kiishe Jumamosi moja: saa tatu asubuhi komini, saa tano kanisani, kisha korteji izunguke mji mzima, tupigwe picha kwenye rond-point, tuende hadi Ziwa Nzilo, na saa kumi na mbili tuwe ukumbini. Mama mkwe ameshakodi magari manane. Dada yangu aliolewa kwa mpango kama huo, na katika albamu yake yote hakuna picha moja ambayo hajakunja uso. Mimi nataka siku ya kupumua, na picha nitakazopenda kuzitazama. Kwetu ni Cité Gécamines, nyumba ya zamani, rangi imebanduka, na mchumba wangu anaona haya tukipigwa picha pale. Wazazi wetu ni watu wa Dilolo, wakwe zangu wanatoka Likasi. Nikate nini bila kuwakosea wakubwa?*
— Bibi harusi wa Agosti, Kolwezi

Binti yangu, kata ziwa. Kata leo, kabla mtu hajalipa mafuta ya magari.

Nzilo ni pazuri, sikatai. Bwawa lile limezuia Lualaba tangu miaka ya 1950 na maji yake yanapendeza machoni. Lakini kumpeleka bibi harusi mwenye gauni refu, wasimamizi wake, watoto wa maua na magari manane hadi kule na kuwarudisha kabla ya giza, katika vumbi la Agosti, ni kuuza alasiri nzima kwa picha sita. Utafika ukumbini nywele zimekuwa nyekundu. Waachie wavuvi ziwa lao. Mtakwenda wawili siku nyingine, na viatu vya kutembelea.

Cha pili, komini isifanyike Jumamosi. Code de la famille, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, haidai popote kwamba ndoa ya serikali na ya kanisa zifungwe siku moja. Siku moja ni mazoea ya watu wanaotaka kulipia ukumbi mara moja. Mchumba wako ana wiki nzima, basi tumieni Alhamisi. Wewe vaa suti au kitenge kizuri, yeye koti, shikeni bendera ya nchi mbele ya afisa, tieni sahihi, mle pamoja na mashahidi, mlale mapema. Mtapata picha za ndoa ya serikali ambamo hakuna anayetazama saa. Dada yako, nadhani, alisimama komini huku akiwaza kwamba padri anasubiri.

Jumamosi sasa inabaki na mambo matatu: kanisa, nyumbani, ukumbi. Saa tano ya kanisa msiibadilishe. Wageni wa Likasi watakuwa nyuma ya malori ya shaba kwenye barabara ile, na wewe unajua lori moja likilala njiani linafanya nini. Misa ikiisha, pigeni picha za familia hapo hapo, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa au cha mwembe, maana mchana jua liko utosini na kila uso unakuwa na mashimo mawili badala ya macho. Tafuteni mtu mmoja mwenye sauti kubwa anayezijua koo zote mbili kwa majina, aite kundi baada ya kundi, wazee kwanza ili wakakae. Na mjomba wako asisahaulike! Kwa watu wa Dilolo mjomba akikosekana kwenye picha, maneno yake yatadumu kuliko albamu.

Halafu nendeni nyumbani. Ndiyo, kwenu, Cité Gécamines, kwenye rangi iliyobanduka. Mchumba wako nimemwelewa, kila kijana anataka mandhari ya hoteli. Lakini aulize majirani ni nyumba ngapi za mtaa huo zimekwisha kubomolewa tangu mgodi ulipoanza kusogea. Amnesty International iliandika habari ya mtaa wenu katika ripoti yake ya Septemba 2023, pamoja na watu walioondolewa makwao. Hoteli itakuwepo mwaka kesho. Veranda ambapo baba yako amekaa miaka yote hiyo, sina hakika. Mpiga picha mwenye akili atapenda ukuta ule kuliko maua ya plastiki, na wewe utasimama pale kama mtu aliye kwake, mabega yameshuka. Uso uliokunjwa wa dada yako ulitokana na kutaka kuonekana mahali asipopazoea, tena akiwa na njaa.

Kwa hiyo ule. Bukari na samaki, gauni limetundikwa, viatu vimevuliwa, saa nzima ya kulala na mlango umefungwa. Saa kumi na nusu toka nje. Kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili jua la kiangazi linashuka, na moshi wa porini wa Agosti unalilainisha hadi ngozi zetu zinang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Saa moja na nusu hiyo inatosha kwa picha zenu wawili, ukumbi usubiri kidogo. Mwambie mpiga picha apime mwanga kwenye uso wako. Akipima kwenye gauni jeupe, gauni litatoka safi na wewe utakuwa kivuli. Mpambaji naye asikupake poda nyeupe kuliko shingo yako, flash itakusaliti.

Ukumbini nina ombi moja tu: DJ azime zile taa za zambarau na kijani mnapoingia na mnapokata keki, awashe za kawaida. Baada ya hapo afanye apendavyo. Na jenereta iwe na mafuta, umeme wa SNEL haujaalikwa.

Sasa mama mkwe. Hapa ndipo wasichana wengi huharibu, wanatuma ujumbe kwenye WhatsApp ya kamati ya harusi. Usithubutu. Nenda na mchumba wako, yeye aseme, wewe ukae chini usikilize. Asianze na yanayokatwa, aanze na atakachopata mama yake: siku ya dote, ya kutoa mahari, iwe yake kabisa. Aje na vitenge vyake vya sare, shangazi zake, vinywaji vyake, na mpiga picha awe chini ya amri yake. Kama kuna mzee mwenye msalaba wa shaba, wa aina ile ile mliyoiona kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963, auweke juu ya mkeka kati ya zawadi. Mababu walilipia mahari kwa misalaba hiyo, na picha ya msalaba huo itamfurahisha mama mkwe kuliko rond-point yoyote. Korteji pia mwachieni, magari yote manane na honi zote, ila njia iwe fupi: kanisani hadi nyumbani, nyumbani hadi ukumbini.

Akikasirika, mwache akasirike siku mbili. Msirudishe ziwa.

Mwisho ni pesa. Mpiga picha apewe nusu ya dola zake kabla ya kazi, na nusu siku atakayokukabidhi picha zote mkononi, si siku ya harusi anapokuja kuaga.