SOMO LA PICHA: Omo na Tezi Katika Fremu Moja

Mpiga picha wa ufuoni Malindi au Watamu anajua jinsi kazi ilivyobadilika. Zamani mgeni alihitaji mtu wa kumpiga picha. Leo mgeni huja na simu yake, hujipiga mwenyewe, na mara nyingine humkabidhi mpiga picha simu hiyo hiyo amsaidie bure. Picha ya mashua na jua likichomoza baharini kila mtu anayo. Somo la toleo hili linahusu picha ambayo mgeni hawezi kuipata kwa kubonyeza mara moja. Inahitaji simu ya kawaida, saa mbili za kazi, na macho ya mtu anayekijua anachokipiga.

Mtu akisimama mbele ya mashua iliyovutwa mchangani wakati maji yametoka, huona omo. Tezi imefichika. Akizunguka aone tezi na usukani, omo hupotea. Lakini mvuvi aliyeketi kivulini karibu nayo anaijua mashua nzima: omo, tezi, ubavu uliotiwa kalafati juzi, na ule msumari wa chini ulioanza kuliwa na kutu. Anaijua kwa sababu ameizunguka miaka. Kamera haizunguki. Husimama mahali pamoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikadai kwamba hiyo ndiyo mashua.

Wachoraji wawili mjini Paris, Pablo Picasso kutoka Uhispania na Georges Braque wa Ufaransa, walikabiliana na tatizo hilo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1907 Picasso alichora Les Demoiselles d'Avignon, picha ya wanawake watano ambao miili yao imekatwa kwa pembe kali. Mmoja wao amechuchumaa akiwapa watazamaji mgongo, na papo hapo uso wake unawatazama. Kwa jicho la kawaida ni kosa. Kwa mtu aliyewahi kumzunguka mwenzake, ni kweli mbili zilizowekwa pamoja. Mwaka uliofuata Braque alichora nyumba za kijiji cha L'Estaque kama masanduku yaliyopandana, na mhakiki Louis Vauxcelles akamcheka kwamba amegeuza kila kitu kuwa michemraba. Dhihaka hiyo ndiyo iliyozaa jina la mtindo, kubizimu.

Mwaka 1912 Picasso alienda mbali zaidi. Badala ya kuchora kiti cha kusukwa, alibandika kwenye picha yake kipande cha kitambaa cha mezani kilichochapwa sura ya ususi huo, kisha akaizungushia picha nzima kamba halisi badala ya fremu. Kubandika vitu namna hiyo ndiko kunakoitwa kolaji. Miaka 70 baadaye, mwaka 1982, msanii Mwingereza David Hockney alianza kufanya vivyo hivyo kwa kamera: alipiga picha nyingi za kitu kimoja, kila moja kutoka mahali tofauti kidogo, akaziunganisha. Kazi yake maarufu ya Aprili 1986, Pearblossom Highway, inaonyesha njia panda katika jangwa la California kwa mamia ya picha. Bango la kusimamisha magari aliliendea karibu, akalipandia ngazi, ndiyo maana katika kolaji linamtazama mtu ana kwa ana ingawa liko kando ya barabara.

Hockney alitumia gundi. Mkazi wa Kilifi leo ana njia rahisi zaidi.

Anayeanza aanze nyumbani na kitu kidogo: birika, kiti, jiko la makaa. Picasso na Braque nao walichora chupa, magitaa na magazeti ya mezani. Kitu kidogo huzungukwa kwa hatua chache na hakiondoki. Akishazoea, aende kwenye mashua.

Ufuoni, wakati mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la saa sita la pwani hufanya mchanga kuwa mweupe mtupu na vivuli kuwa vyeusi ti, na vipande havitashikana. Mpiga picha abonyeze kidole kwenye kioo na kukishikilia hadi simu ifunge mwanga na umakini. Asipofanya hivyo kila picha itatoka na rangi yake. Asivute kwa zumu. Akitaka kitu kikaribie, asogee yeye. Kisha apige picha 20 hadi 30: nne au tano za mashua nzima kutoka pande zote, nyingine akiwa amechuchumaa chini ya omo, nyingine akiwa amepanda juu ya kitu, na zilizobaki karibu kabisa na vile vitu ambavyo mwenye mashua angevitaja: fundo la kamba, jina lililoandikwa ubavuni, kiraka cha tanga, mkono ulioshika nyavu. Kila picha imege theluthi moja hivi ya picha iliyo jirani yake, ili baadaye ziwe na mahali pa kukutania.

Kuunganisha kunaweza kufanyika kwenye simu, lakini kompyuta ya saiba ni afadhali kwa sababu ya ukubwa wa kioo. GIMP ni programu ya bure, na Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Picha 30 za megabaiti nne kila moja ni megabaiti 120, kwa hiyo anayetumia bando lake azihamishe kwa waya badala ya kuzituma mtandaoni.

Hufunguliwa ukurasa mtupu, wa pikseli 3000 kwa 2000 hivi. Kila picha huingizwa kama tabaka lake, kama karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Picha moja kubwa ichaguliwe kuwa uti wa mgongo, tuseme ubavu mzima wa mashua. Omo iliyopigwa kutoka mbele ibandikwe upande mmoja wa ubavu huo, tezi iliyopigwa kutoka nyuma ibandikwe upande wa pili. Hapo tayari mtazamaji anaona vitu vitatu ambavyo jicho lake haliwezi kuviona kwa pamoja. Vipande vingine vizungushwe kidogo, nyuzi 5 hadi 15, vingine vikatwe kwa pembetatu, vingine vikuzwe kuliko inavyostahili. Fundo la kamba linaweza kuwa kubwa kuliko mlingoti ikiwa ndilo linaloibeba mashua.

Kingo za vipande zibaki zikionekana. Wengi hushindwa hapa, kwa sababu mkono umezoea kusafisha, na kolaji iliyosafishwa mno hugeuka picha ya kawaida yenye kasoro. Rangi nazo zikigombana, zipunguzwe. Picasso na Braque waliwahi kufanya kazi miaka kadhaa karibu kwa rangi za kahawia na kijivu tu, ili umbo lisimezwe na rangi. Mwishoni yahifadhiwe mafaili mawili: la kazi lenye matabaka yote, na la JPG la kuchapisha. Anayehifadhi JPG peke yake atajuta siku mteja atakapotaka kipande kimoja kiondolewe.

Kuna programu za simu zinazodai kugeuza picha yoyote kuwa ya kubizimu kwa kubonyeza kitufe. Hazifanyi hivyo. Huchukua picha moja iliyopigwa kutoka mahali pamoja na kuivunja kama kigae. Vipande ni vingi, jicho bado ni moja. Mgeni anaweza kuipakua programu hiyo mwenyewe akiwa hotelini, na hakuna sababu ya kumlipa mtu wa ufuoni.

Anayetaka kuuza kazi zake ana mambo ya kuzingatia. Mtu anayetambulika katika picha ya biashara aombwe ridhaa, na mtoto aombewe kwa mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu picha pia. Katika magofu ya Gedi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na katika maeneo mengine yaliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, mpiga picha wa biashara aanzie ofisini kuuliza kuhusu kibali kabla ya kutoa kamera.

Jambo la mwisho linahitaji uangalifu zaidi. Picasso alitazama sanamu na vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro mjini Paris mwaka ule wa 1907, na mtindo wake ukabadilika. Vinyago hivyo vilitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Lakini mtu wa Kilifi akizitazama zile pembetatu atakumbuka vigango, nguzo za ukumbusho wa wazee wa Gohu, ambazo mchongaji huufanya mwili wa mtu kuwa ubao bapa uliojaa pembetatu. Kijana anayejifunza kolaji atavutwa navyo, na ni haki yake kujivunia. Ila kigango si pambo, bali ni mzee aliyesimamishwa hapo na watu wake.

Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango vyake viwili. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja katika slaidi za mtafiti mwenzake. Kilikuwa katika mkusanyiko wa makumbusho nchini Marekani. Picha ile ya 1985 ndiyo iliyothibitisha ni cha nani, na mwaka 2007 familia ikakipokea nyumbani.

Kwa hiyo picha inaweza kumwonyesha mwizi njia, na inaweza kumrudisha mzee kwao. Picha ya kigango yenye alama ya mahali ikiwekwa mtandaoni ni ramani. Familia yenye vigango, wazee wakikubali, ipige picha za pande zote bila kuziunganisha: mbele, nyuma, ubavuni, na karibu penye ufa au alama, huku rula ikiwa kando ili kuonyesha kipimo. Huduma ya kuonyesha mahali izimwe kwenye kamera kwanza. Picha hizo zihifadhiwe na watu wawili wa familia katika nyumba mbili tofauti, zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kigango kikitoweka, zipelekwe siku hiyo hiyo kwa chifu, kituo cha polisi kilicho karibu, na ofisi ya Makavazi ya Kitaifa.